Tofu Ngumu ya Mlango wa Gereza

Asubuhi ile mdogo wangu wa kiume, Sanguk, aliamka kabla yangu, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Nilimkuta kule nyuma ya duka, mikono ya shati ameikunja, anakoroga chungu cha maziwa ya soya.

“Dada, tofu ya leo nataka kuitengeneza mwenyewe. Wewe nielekeze tu.”

“Unakoroga kama unafukuza nyoka,” nikamwambia. “Polepole. Soya ikikasirika haigandi.”

Akacheka kidogo. Nilimwonyesha jinsi ya kutia maji machungu ya chumvi, kijiko baada ya kijiko, mpaka maziwa yakaanza kukatika kama mawingu. Tukamimina kwenye sanduku la mbao lenye kitambaa, tukaweka jiwe juu ili maji yakamuke, ibaki tofu laini kama jibini. Nikamwambia aliondoe jiwe maji yakipungua. Hakuliondoa. Alikaa analitazama tu, na mimi nikamwacha, maana nilijua hatazami jiwe.

Siku ile Taeyeol, mwanafunzi mwenzake, alikuwa anatoka gerezani. Kwetu mtu akitoka gerezani hupokewa kwa tofu nyeupe, aile palepale mlangoni, ili awe safi na asirudi tena ndani. Anayemlisha ni mtu wake wa karibu: mama, au mke. Sanguk hakuwa mama wala mke.

Mimi niliishia darasa la sita. Nilitoka kijijini kwetu Jeolla nikaja Seoul kutengeneza tofu ili Sanguk asome, na tuliishi pamoja katika chumba cha nyuma ya duka. Wanafunzi wenzake walikuwa wakikimbilia kwetu baada ya maandamano ya kuipinga serikali ya wanajeshi, macho mekundu kwa moshi wa mabomu ya machozi, dawa ya meno wamejipaka chini ya macho kupunguza mwasho, kama watoto waliolamba unga. Niliweka beseni la maji mlangoni. Kila mmoja alijinawisha mwenyewe. Sanguk na Taeyeol walinawishana. Taeyeol alichota maji kwa viganja, akamshika Sanguk kidevu, akammiminia taratibu, akapuliza. Niliona mara ya kwanza, nikafikiri ni urafiki. Nilipoona tena nikaacha kufikiri hivyo, nikaenda kuosha vyombo kwa kelele ili wengine wasigeuke.

Mkubwa wao alikuwa Mungil, wa mwaka wa mwisho, mtu wa maneno mengi na sauti ya kuamrisha. Jioni moja walikuwa wanakula tofu na kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha yenye pilipili, kwa pombe ya mchele, Mungil akasema:

“Mmesikia ya yule wa idara ya muziki?”

“Kafanyaje?”

“Kakutwa kwenye sinema moja huko mjini na mwanamume mwenzake. Wameshikana mikono kama maharusi!” Wakaangua kicheko. “Tumemfukuza kundini. Huo ni ugonjwa wa matajiri na wanajeshi wa Marekani. Mtoto wa mkulima atautoa wapi?”

“Labda kwenye mbolea,” Sanguk akasema.

Walicheka mpaka pombe ikamwagika. Sanguk ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Taeyeol hakucheka. Alisimama, akaja nilipokuwa, akainama juu ya chungu changu kana kwamba anatazama chakula. Chungu kilikuwa kitupu.

Majira ya majani kupukutika polisi walimkamata Taeyeol akiwa na karatasi za maandamano. Mashine iliyochapa karatasi zile ilikuwa kwetu, chini ya magunia ya soya. Sanguk ndiye aliyeileta. Tulisikia kutoka kwa walioachiwa kwamba wanampiga Taeyeol aseme mashine iko wapi na mwenzake ni nani. Kila gari liliposimama nje nilisema ndio hao. Hawakuja. Baridi ikapita, hawakuja. Sanguk alikonda, akawa anakula kwa sababu nimemwangalia tu.

Kisha mwaka 1987, joto lilipoanza, nchi nzima ikamwagika barabarani, hata makarani wenye tai, na serikali ikarudi nyuma. Wakaanza kuwafungua wafungwa.

Basi tukaenda. Sanguk aliibeba tofu yake ndani ya kitambaa, bado ya moto, ameikumbatia kama kifaranga. Nje ya gereza kulikuwa na wazazi, na akina Mungil na bendera yao wakiimba. Pembeni alisimama mama mfupi aliyechomwa na jua, ananukia ngisi mkavu. Alikuwa analia juu ya kifurushi.

“Imechacha!” alikuwa akisema. “Nimeinunua jana kwetu, nimepanda nayo basi usiku kucha na joto hili, imechacha! Mwanangu atakula nini?”

Ni mama yake Taeyeol. Alimwona Sanguk na kile alichobeba.

“Mwanangu, na wewe unampokea nani?”

Sanguk akafungua kinywa. Naapa alikuwa anasema. Lakini Mungil alikwisha dakia, kwa furaha zake:

“Mama, huyu? Huyu anampokea Taeyeol wako! Tangu akamatwe, hali halali. Tunamwita mjane!”

Wenzake wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, siku ile kila mtu alikuwa na furaha. Lakini mama yule aligeuka akamtazama Sanguk usoni, akamtazama sana, na mdogo wangu akawa mweupe kama alichokibeba.

“Kaka anatania, mama,” akasema. “Mimi hata simjui vizuri. Mimi ni muuza tofu tu. Duka letu liko karibu na chuo.”

“Haya, muuza tofu!” Mungil akajipiga kofi gotini.

“Basi niuzie, mwanangu, niokoe.”

“Chukua tu, mama. Leo ni bure.”

“Jamani, Seoul bado kuna watu!” Mama akaipokea kwa mikono miwili. “Mungu akupe mke mwema.”

Mlango mdogo ukafunguliwa palepale. Taeyeol alitoka amenyolewa, shingo imekuwa nyembamba, anakunja macho kwa jua. Alipita watu wote kwa macho mpaka akamwona Sanguk, na uso wake ukafunguka. Mama yake akamrukia.

“Kula, mwanangu, kula! Huyu kijana muuza tofu ametupa bure, bila hata kutujua.”

“Muuza tofu?”

Taeyeol hakumtazama mama. Alisubiri. Nilimwona anavyosubiri, kama mtu aliyenyoosha mkono akutoe kisimani. Neno moja lingetosha, hata jina lake tu. Mungil na wenzake walikuwa wamesimama wanatabasamu.

“Kula, kaka,” Sanguk akasema. “Bado ya moto.”

Alikuwa hajawahi kumwita kaka. Walikuwa wanaitana kwa majina.

Taeyeol alikula yote, akatafuna sana. Kisha akamwinamia Sanguk, kama unavyomwinamia mtu usiyemfahamu aliyekupisha njia.

“Asante kwa tofu.”

Mama akamchukua wakaondoka.

Majuma mengi yakapita. Sikukuu ya mavuno ilipofika, alinijia nikiwa nachambua soya.

“Dada, twende kwao pwani ya mashariki. Peke yangu sitafika.”

“Ukifika utasema nini?”

“Nitamwambia mama yake kwamba mimi ni Sanguk. Nitamwambia ni mimi niliyestahili kupigwa.”

“Na lingine?”

Akanitazama. Hatukuwahi kulitaja. “Na lingine,” akasema, “nitamwambia yeye mwenyewe. Kama atanisikiliza.”

Kwao kulikuwa na kamba za ngisi wanaokauka kila upande. Mama alituona kutoka mbali.

“He! Muuza tofu wa gerezani! Umeifuata biashara mpaka huku? Taeyeol! Taeyeol we, njoo umwone nani!”

Alituketisha kwenye jamvi la barazani, akatuletea vitumbua vya mchele vya sikukuu, akatueleza bila kuulizwa kwamba mwana amepata mchumba, binti wa mwenye mashua ya ngisi, mnene mzuri, mchapakazi. Taeyeol alitoka mikono imelowa, nywele zimeanza kuota. Akasimama.

“Mama,” Sanguk alianza, akapiga magoti, “siku ile nilikuambia uongo. Mimi si…”

“Ndiye huyuhuyu, mama,” Taeyeol akamkata, kwa upole kabisa. “Muuza tofu. Nimemkumbuka.” Akamgeukia. “Tofu yako ilikuwa ngumu, lakini. Jiwe lilikaa mno.”

“Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitengeneza.”

“Nilijua nilipoitafuna.”

“Mwone!” mama akacheka. “Kapewa bure na bado anatoa kasoro!”

Taeyeol alitusindikiza hadi kituo cha basi. Wao wawili walitangulia, mimi nyuma na kifurushi cha ngisi nilichopewa. Upepo uliniletea maneno yao, sikuyatafuta.

“Kwa nini hukuniacha niseme?”

“Ungemwambia, halafu wewe ungepanda basi. Mimi ndiye ninayebaki hapa.”

Walitembea.

“Niite basi jina langu,” Sanguk akasema. “Mara moja tu, niende nalo.”

“Kule ndani walinipiga nilitaje,” Taeyeol akasema. “Kila siku. Nikajizoeza kulimeza. Nikawa najiambia, nikitoka nitaliita kwa sauti mbele ya watu wote, nione nani atanizuia.” Akatikisa kichwa. “Sasa halitoki. Nimejaribu hata baharini, niko peke yangu. Halitoki.”

Basi lilikuja. Sanguk alikaa upande wa dirisha. Taeyeol alisimama mpaka tukapinda kona, mikono mfukoni.

Mungil siku hizi ana ofisi na tai. Alipita dukani, akamwuliza Sanguk kwa nini aliacha chuo wakati mambo ndiyo yamenyooka. Sanguk akamfungia kipande cha tofu, akamwambia amsalimie mkewe.

Asubuhi yeye ndiye anayepita vichochoroni na kengele ya mkono. Akina mama hufungua madirisha na kuita, “Muuza tofu! Wee muuza tofu!” Naye huitika. Mimi hubaki nyuma kwenye sanduku, na jiwe naliondoa mwenyewe kila siku, kwa sababu yeye nikimwachia, hukaa akilitazama, na wateja wetu hawapendi tofu ngumu.