Jemedari Baada ya Kisu

"Mshike vizuri, mama. Nikisema achia, uachie papo hapo," mkufunzi wa mbwa alisema, huku akijifunga mkono wa turubai ulioshindiliwa magunia.

Bi Filimbi aliuzungusha mnyororo kiganjani, akauzungusha tena. Alikuwa mlinzi wa yadi hii ya mbao tangu mumewe afariki, na jina hilo alipachikwa na wachukuzi kwa sababu ya mluzi wake wa kumwitia mbwa, mluzi wa kupasua masikio. Leo midomo ilikuwa imemkauka.

Jemedari alikaa miguuni pake, ulimi nje. Kabla ya kuhasiwa alikuwa hashikiki. Jike likiwa kwenye joto mtaa wa tatu, yeye huyo, ukuta karuka, kurudi ni asubuhi na sikio limechanika. Kila rundo la mbao alilikojolea kama mtu anayeweka mipaka ya shamba. Kisha, mchana kweupe, akamrarua mchukuzi mmoja pajani. Tajiri, mwenye yadi, akakata shauri: ahasiwe, au apigwe risasi.

"Kisu kitampunguzia uzururaji," daktari wa mifugo alimwambia Bi Filimbi siku ya upasuaji. "Na kukojoakojoa, na ugomvi na madume wenzake. Lakini kuuma watu, inategemea anauma kwa nini. Kama ni woga, mama, woga mimi siukati."

La kwanza alilishika. La pili liliingia sikio hili, likatokea lile.

Na kweli, uzururaji ulikoma. Jemedari akanenepa, akapenda kivuli. Wachukuzi wakapata la kusema: "Jemedari kavuliwa nyota! Sasa paka wampigie saluti nani?" Bi Filimbi alicheka nao, kicheko cha menoni tu. Tajiri hakucheka. Mbwa asiyelinda ni mzigo, na mbwa anayeuma wafanyakazi ni kesi. Alitaka aone kwa macho yake amebakiwa na mbwa gani.

"Achia!"

Mkufunzi alikuja mbio akipunga fimbo. Jemedari alifyatuka, vumbi la mbao likatimka, na meno yakazama kwenye turubai. Alivuta, akatikisa, mkufunzi akayumba. Bi Filimbi akalamba midomo, akapiga mluzi. Zamani, Jemedari akishashika, alikuwa haachii mpaka amwagiwe maji. Leo aliachia, akarudi nyuma, akakaa akihema. Labda ni kisu, labda ni umri; nani ajuaye?

"Kumbe bado yumo!" tajiri alisema, akielekea kwenye gari lake. "Basi, yamekwisha."

Bi Filimbi alikuwa hajamaliza hata kushusha pumzi wakati mchukuzi yule yule wa siku ile alipojitokeza nyuma ya rundo, ubao mrefu begani.

Mkia wa Jemedari ulizama katikati ya miguu. Hakubweka. Mdomo ulijikunja, meno yakatoka, na mwili mzima ukaanza kutetemeka. Mnyororo ulikuwa bado mkononi mwa Bi Filimbi, mtupu.

Hapo ndipo alipoona. Alimwokota mbwa huyu akiwa mtoto, mbavu zimevimba kwa kipigo, na hakuwahi kujiuliza alipigwa kwa kitu gani. Siku ile mchukuzi hakuumwa kwa ukali wa dume. Aliumwa kwa sababu alikuwa amebeba ubao kama huu.

Akajitosa katikati yao.

"Kaka, simama hapo hapo. Usimtazame machoni. Ushushe huo ubao, taratibu."

"Dada," mchukuzi alinong'ona, jasho likimtiririka, "mguu mzima nilio nao ni mmoja tu."

"Najua. Taratibu."

Tajiri aligeuka. "Kuna nini tena?"

Angeweza kusema hakuna. Angemfunga mbwa, akamficha leo, akamficha na kesho, mpaka siku atakaposhindwa.

"Huyu mbwa anaogopa mbao, tajiri."

"Mbwa wa yadi ya mbao?"

"Ndiyo. Na anachokiogopa ndicho anachokiuma. Daktari alinitahadharisha, nami nikasikia nilichotaka. Nipe nafasi nimzoeshe. Nikishindwa, nitamwondoa mwenyewe."

Tajiri alimtazama mkufunzi, mkufunzi akayatazama magunia yaliyochanika mkononi mwake. "Inawezekana," alisema mkufunzi. "Siahidi."

Mchukuzi alikuwa ameulaza ubao chini bila mlio. Alitaka kuondoka, kila mtu aliona, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alichuchumaa, akampa mbwa mgongo.

"Haya, mzee," alisema. "Nami nakuogopa vile vile."

Jemedari alinyoosha shingo. Akaweka mguu mmoja mbele, akaurudisha, akauweka tena. Kisha, manyoya ya mgongoni yakiwa bado yamemsimama, akaanza kunusa ubao, kwenye ncha ile iliyokuwa mbali na mtu.