Mwenye Maslahi Atoke Nje

"Mheshimiwa Meya, nina maslahi katika jambo hili," nilisema, na ukumbi wote ukageuka kunitazama kana kwamba nimeangua kicheko msibani.

Meya alishusha miwani hadi puani. "Maslahi gani, Mheshimiwa Diwani?"

"Nyumba mojawapo kati ya zitakazobomolewa ni ya marehemu baba yangu. Alituachia mimi na dada yangu."

Halafu kutoka safu ya mbele ikaja sauti niliyoijua vizuri, ya diwani ambaye sisi wenzake tulimwita Bwana Petroli.

"Mlango ni ule pale, Mheshimiwa," alisema, akaninyooshea kidole kuelekea huko kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni.

Watu wakacheka. Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vipya, navyo vikapiga kelele njia nzima, ko, ko, ko, mpaka nikatamani ningekuja na ndala. Askari wa baraza akanifungulia mlango, akaufunga nyuma yangu polepole. Nikabaki kwenye korido peke yangu na picha za mameya waliotangulia, wote wamenikazia macho.

Niseme kwanza kwamba kanuni ile ni nzuri. Mpaka leo naitetea. Diwani mwenye chake katika jambo linalojadiliwa anatakiwa ajitangaze, atoke nje, na asitie mguu ndani mpaka kura ipigwe. Hata kwenye viti vya wageni haruhusiwi kukaa, asije akawakonyeza wenzake. Kabla yangu kanuni hiyo ilikuwa imelala kitabuni miaka nenda rudi, na mimi ndiye niliyeiamsha. Bwana Petroli alitaka baraza limpe eneo la uzio wa shule apanue kituo chake cha mafuta, na alikuwa ameshainua mkono wake kujipigia kura mwenyewe, macho makavu, ndipo niliposimama nikaisoma kanuni neno kwa neno. Alitolewa. Alipopita mbele ya kiti changu aliniambia, "Zamu yako itafika, mama." Nikamjibu ikifika nitatoka bila kusukumwa. Jamani, mdomo wangu!

Watu wengi hudhani jiji linaendeshwa na Meya. Siwalaumu, maana ndiye anayevaa mkufu. Lakini magari, mafundi na mafaili yote yako chini ya Mkurugenzi, ambaye hakuchaguliwa na mtu. Sisi madiwani kazi yetu ni kupitisha. Jambo linaanzia kwenye kamati, linakuja barazani, likipita linapanda kwa waziri, na waziri akishatia saini linashuka likiwa na meno. Watu wa kata yangu hawakutaka kusikia mlolongo huo. Kwao serikali nilikuwa mimi. Taa ya barabarani ikizimika, diwani. Mtaro ukiziba, diwani. Mama mmoja alinigongea asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni, akitaka nikamtoe mumewe kwa mwanamke mwingine. Nikamwambia hilo haliko kwenye mamlaka ya jiji. Akaniangalia juu mpaka chini. "Sasa tulikuchagulia nini?"

Ukweli ni kwamba nilichokuwa nacho ni mkono mmoja wa kunyoosha. Basi.

Na siku hiyo mkono huo ulitakiwa kuzuia barabara. Mpango ulikuwa kupanua njia ya kwenda kituo kipya cha mabasi, na upande mmoja wa mtaa wetu ulitakiwa uondoke wote. Katikati ya upande huo ndipo ilipokuwa nyumba ya baba, na ndani ya nyumba ya baba ndimo alimokuwa Dada.

Dada alikuwa dobi. Mama alifariki mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ukawa wa Dada. Alinilea, akanisomesha kwa pasi ya mkaa, na baadaye ya umeme, katika chumba cha mbele kilichonuka wanga na mvuke tangu asubuhi. Hakuolewa. Wachumba walikuja, nami najua kwa nini aliwarudisha, ingawa hakuwahi kulisema. Mtaa mzima ulimpelekea nguo, na nilipoingia barazani nikaona hata wenzangu wanampelekea. Nikiwa kwenye kiti changu cha nyuma niliweza kumjua mteja wake kwa mstari wa suruali tu. Suti nyingi zilizokaa kuamua juu ya nyumba ile zilikuwa zimenyooshwa ndani yake.

Siku moja kabla ya kikao alikuja kwangu. Alikaa jikoni, chai hakuigusa.

"Kesho wewe nyoosha mkono tu," alisema. "Usiseme neno."

"Dada, kuna kanuni."

"Nani anajua kwamba nyumba ni yako pia? Waliojua wote tumeshawazika."

"Najua mimi."

"Na hiyo kanuni itanilaza wapi?"

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikamshika mikono, ile mikono yake mikavu yenye alama za kuungua. Nikamweleza. Nilikuwa nimewazungukia madiwani mmoja mmoja, hesabu nilikuwa nayo kichwani. Hata bila mkono wangu tungeshinda kwa kura moja. Meya hapigi kura ila pande mbili zikilingana, na hazingelingana. Kwa hiyo nitatoka nje kama sheria inavyotaka, nyumba itabaki, na mimi nitabaki na uso wa kuwatazama watu.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, Dada."

Basi akaniamini. Alikunywa ile chai ikiwa imeshapoa, akasimama, akanitengeneza ukosi wa blauzi kama nilipokuwa mdogo naenda shule. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba aliniamini.

Mlango wa ukumbi ulikuwa mzito. Ukiwa koridoni ulisikia mvumo wa sauti tu, mara unapanda, mara unashuka, bila neno hata moja la kushika. Nilijaribu kutambua sauti. Huyo mwenye besi ni Mkurugenzi, anaeleza faida za barabara. Huyo wa haraka haraka ni mwanasheria wa jiji. Nikajiambia mtu wetu wa kwanza atasimama sasa hivi. Mtu pekee jijini aliyejua ni chumba gani cha nyumba ile kinavuja na nani alizaliwa humo alikuwa amekaa kwenye benchi nje, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Wasiokuwa na chao ndio waliokuwa ndani wanaamua. Nilielewa kwa nini iwe hivyo. Nilielewa kabisa, na bado nilitamani kuusukuma mlango ule.

Mara mlango ukafunguka. Akatoka Mwalimu.

Mwalimu alikuwa diwani mzee kuliko sote, mstaafu wa shule za msingi, jirani yangu wa kiti, na kura niliyoitegemea kuliko zote. Alikuwa anajifuta macho kwa leso.

"Wameshapiga kura?" niliuliza.

"Bado."

"Sasa unafanya nini huku nje?"

Alikaa kando yangu, akashusha pumzi kama mtu aliyetoka kutua mzigo. "Binti yangu, umenitia moyo. Nilipokuona unasimama peke yako, wanakucheka, na wewe unatoka umenyooka vile, nikasema hapana, uzee huu nauficha wapi? Mama mkwe wangu amepanga chumba mtaa ule ule. Kodi yake nalipa mimi. Nimejitangaza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamshika mkono wa koti.

"Mwalimu, rudi ndani."

"Hairuhusiwi."

"Rudi, waambie umekosea! Waambie mama mkwe amehama!"

"Lakini hajahama," alinijibu, kwa upole ule ule wa kumrekebisha mtoto. "Na wewe ndiye uliyetufundisha."

Ningesema nini? Kwamba ukweli ulikuwa wangu peke yangu siku ile, na yeye alitakiwa abaki nao moyoni? Nilimwachia koti. Alikuwa na furaha, maskini, uso wake uling'aa kabisa, na nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumlilia begani. Sikufanya lolote kati ya hayo. Tulikaa bega kwa bega tukiangalia mlango. Ndani mvumo ulikatika, pakawa kimya, nami nikajua ndiyo mikono imenyooshwa. Mikono haina sauti. Ungeweza kukaa nje ya mlango ule maisha yako yote usijue mingapi imepanda upande gani.

Karani wa baraza ndiye aliyekuja kutuita. "Waheshimiwa, mnaweza kurudi."

"Imekuwaje?" niliuliza.

"Zililingana. Meya ametumia kura yake."

Hakuhitaji kuniambia ameitumia wapi. Barabara ile Meya aliiahidi tangu kampeni.

Jioni nilikwenda kwa Dada kwa miguu. Mtaa ulikuwa umeshajua, maana watu walikuwa wamekaa vibarazani bila kuzungumza, na nilipopita walinisalimia kwa sauti ya chini. Dada alikuwa anapiga pasi. Nilisimama mlangoni nikasubiri amalize mkono wa shati.

"Ulisema nini huko?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Sikuwemo ndani, Dada. Nilitoka. Halafu Mwalimu naye..."

"Nimesikia ya Mwalimu." Aligeuza shati, akaanza mkono wa pili. "Mtu wetu alikuwa mmoja tu huko juu. Naye alikuwa nje."

Nilimwambia nitakata rufaa. Nilimwambia mpango bado haujasainiwa. Nilimwambia mengi, na yeye aliendelea kunyoosha shati la watu mpaka likawa halina hata kunyanzi, akalikunja, akaliweka juu ya mengine.

Nilikwenda kweli wizarani. Nilipanga foleni na wananchi wengine, uheshimiwa wangu nikauacha nyumbani. Kijana mmoja mwenye tai alisoma maombi yangu, akayarudisha mezani taratibu. "Mama, haya yana maslahi binafsi. Yalitakiwa yatoke kwa diwani wenu." Nilicheka. Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani, kisha nikashuka ngazi nikiwa nalia, na sikumjali mtu.

Greda lilikuja baada ya mvua. Fidia ililipwa, tena kwa wakati, sitasema uongo. Nilimsihi Dada aje kwangu, nilikuwa na chumba kizima kimekaa bure tangu mume wangu afariki. Alikataa. Akaenda kupanga nje kabisa ya mji, kwenye nyumba mpya ambazo watu wake hawakupeleka nguo kwa dobi, wala hawakumjua. Mtaa wetu ukatawanyika, mmoja huku, mwingine kule. Uchaguzi ulipofika, walionipenda walikuwa wapiga kura wa kata nyingine, na wageni waliohamia hawakuwa na sababu ya kunijua. Nikaanguka. Wakati huo barabara ilikuwa imekamilika, na siwezi kusema ni mbaya. Ni barabara nzuri.

Nilikuwa namtembelea Dada kila nilipoweza. Hakuwahi kunitukana. Laiti angenitukana! Zamani nikifika kwake alikuwa akipiga kelele kutoka ndani, "Wewe, sufuria lipo hapo, jipakulie, mimi si mtumishi wako." Sasa alikuwa akinifutia kiti. Alinitolea kikombe cha wageni na kisahani chake, akakaa mkabala nami, mikono mapajani, akaniuliza habari za kazi hata baada ya mimi kukosa kazi. Nikimpelekea sukari aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nikiaga alinisindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nikirudi nyumbani nafungua redio kabla sijawasha taa, ili pawe na mtu anaongea.

Mwalimu alifariki akiwa na amani yake. Kwenye mazishi watu walisimulia jinsi alivyojitangaza mbele ya baraza, na mimi nikaitikia kwa kichwa pamoja nao. Nilimpenda. Ilikuwa vigumu kumkasirikia mtu aliyeiga jambo jema kutoka kwangu. Kama nilisimama siku ile kwa ajili ya sheria au kwa ajili ya jina langu, nimejiuliza sana, na jibu hubadilika kila ninapojiuliza.

Mwaka juzi Dada alilazwa. Moyo. Nilikuwa nakwenda kila muda wa kuona wagonjwa, namchana nywele, namgeuzia mto, na yeye ananiambia asante, asante sana, usijisumbue. Alasiri moja akaja muuguzi mpya, msichana mchangamfu, akatuangalia sote wawili, akatabasamu.

"Bibi, huyu ni mdogo wako? Mmefanana kama mmekatwa kisu kimoja!"

Dada akageuza kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira, wala hakuwa amechanganyikiwa. Macho yake yalikuwa yale yale.

"Hapana, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Huyu alikuwa diwani wetu."

Msichana akaona haya. Akaniomba radhi, akasema hakunitambua, akakimbia kuniletea kiti kizuri kutoka ofisini kwao. Nikashukuru, nikakaa.