Mtaro Usiokuwepo

Penseli ilipofika mlangoni kwa fundi cherehani, ilikata kona.

Haikukata yenyewe, bila shaka. Ilikuwa mkononi mwa mchoraji ramani wa halmashauri, mwanamke ambaye mbele ya rula hakuwahi kutetemeka. Alikuwa akiziunganisha njia za baiskeli za wilaya nzima, kipande cha shuleni na cha hospitalini, cha sokoni na cha viwandani, vikashikana mikono hadi zikabaki mita mia mbili tu. Na mita hizo, katika mitaa yote iliyojaa duniani, zilipita mbele ya kibanda cha fundi huyo, mwanamke ambaye mume wa mchoraji zamani nusura amuoe. Mume huyo huenda kazini kwa baiskeli. Asubuhi na jioni, mara kumi kwa juma. Hesabu hiyo aliipiga upesi kuliko zote za ofisini.

Akaandika pembeni: "Mtaro mkubwa. Hapapitiki." Njia ikakatikia kwenye mzunguko wa malori.

"Waendesha baiskeli tunawamwaga katikati ya malori?" mkuu wake aliuliza.

"Mtaro, bosi."

"Mh. Mtaro hauna huruma." Akatia saini.

Rangi ya njia mpya ilikuwa bado inang'aa siku mume aliporudi akichechemea, suruali imechanika gotini, pindo limetafunwa na mnyororo.

"Mama watoto, leo lori limenibusu," alisema akicheka, ingawa midomo ilikuwa imempauka. "Hebu waulize wenzako, nani aliikata njia pale mzungukoni? Nikimpata, namvalisha suruali hii hii."

"Tulia, dawa inauma," alisema mkewe, akilisafisha goti. Ilimuuma nani zaidi, hakusema.

Kesho yake aliikunja suruali ile na kwenda nayo. Mafundi cherehani mjini wamejaa tele, lakini miguu yake ilikuwa na safari yake. Alijiandaa kukuta uzuri wa kumnyima mtu usingizi. Akakuta mwanamke wa kawaida, tepu shingoni, pini mdomoni. Ajabu ni kwamba hata pini zile aliona zinampendeza.

Fundi aliigeuza suruali, kidole chake kikatua kwenye pindo. Akatabasamu kama aliyemtambua mwenye suruali.

"Mpaka leo hakunji suruali akipanda baiskeli?"

Maneno machache, lakini yalipenya kama sindano chini ya ukucha. Kumbe ugomvi wa pindo, ule aliodhani ni wake peke yake ndani ya ndoa yake, aliurithi!

"Unamjua?" aliuliza, sauti ikijitahidi kuwa ya mteja.

"Nilimjua, dada. Zamani." Fundi alichomeka pini. "Mwambie auogope ule mzunguko. Wiki hii wameanguka wawili. Wangepita hapa, lakini eti kuna mtaro." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Wewe unauona?"

Mchoraji akatazama nje. Mtaa ulikuwa mkavu, tambarare kama kiganja.

"Siuoni," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kuhusu mtaa ule.

Jumatatu alimpelekea mkuu ramani mpya.

"Mtaro umekwenda wapi?"

"Umefukiwa."

"Na nani?"

"Na aliyeuchimba."

Mkuu alimtazama juu ya miwani. Kisha akatafuta kalamu.

Asubuhi kipande kile kilipofunguliwa, mchoraji alitoa stoo baiskeli yake iliyolala miaka, akaijaza upepo.

"Leo na wewe?" mumewe alishangaa.

"Nakagua kazi yangu."

Ndipo alipoona. Mguu wa kulia wa suruali ya mumewe ulikuwa umekunjwa vizuri, hadi juu ya kifundo. Miaka kumi na miwili amemwimbia wimbo huo bila kusikilizwa, na ujumbe wa fundi hakuufikisha. Swali lilimjia hadi kwenye ulimi. Akaliacha hapo, akapanda baiskeli yake.

Walipokaribia kibanda, mlio wa cherehani ndani ulikatika. Mume alitazama mbele, mbele mno.

Kengele ya baiskeli ikalia mara mbili. Haikuwa ya mumewe, ilikuwa ya mchoraji mwenyewe.