Wa Pili kwenye Orodha

Siku mbili za basi na watoto wawili zinataka utaratibu. Mimi ni mtunza stoo, nina stashahada ya ugavi, na utaratibu ndicho kitu ninachokijua. Kwa hiyo, kabla hatujaondoka nyumbani, nilimkalisha binti yangu kitandani nikampa kazi yake. Ana miaka minane. Baba yake anamwita Karani, kwa sababu neno ukishalitamka mbele yake halifutiki.

"Mimi nina mizigo, tiketi na faili la hospitali," nilimwambia. "Wewe una Babu. Akilia, mpe biskuti. Usiniulize, usiniamshe, usingoje alie mara ya pili."

"Moja au mbili?"

"Moja. Akiendelea, mbili."

Babu ni mdogo wake. Amerithi jina la baba mkwe wangu, ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu anaitwa hivyo na watu wazima wanamwamkia kwa utani. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukimtazama kwa karibu utaona doa jeupe katikati ya mboni, kama tone la maziwa. Daktari wa kwetu alinieleza bila kuzunguka, na nilimshukuru kwa hilo: ukungu ule usipotolewa mapema, ubongo unasahau kazi ya kuona, na ukija kuutoa baadaye utakuwa umesafisha dirisha la nyumba isiyo na mtu. Wapasuaji wa macho ya watoto hufika hospitali kuu mara moja kwa mwaka, wiki moja tu. Babu alipangiwa siku ya mwisho, wa pili kwenye orodha.

Basi liliharibika siku ya kwanza saa sita mchana. Tulikaa kando ya barabara kwa saa tano nzima. Babu alitapika kwenye sketi yangu, kisha kwenye begi, kisha kwenye kiatu cha abiria aliyekuwa amelala. Akalia kwa sababu ya jua, akalia kwa sababu ya kivuli. Kila mara nilisikia nailoni ikichakarika kwenye mfuko wa sweta la Karani, halafu kimya. Hakuniuliza hata mara moja. Nilisinzia nikiwa nimekaa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya safarini tangu niwe mama.

Bibi mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa akitutazama. "Mwanangu, mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Shikamoo bibi. Hizo methali watu walizitunga wakiwa wamekaa nyumbani."

Abiria walicheka. Yeye pia alicheka, akaomba biskuti. Karani alinigeukia.

"Bibi hajalia," akasema.

Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwani choo cha kituo kilifungwa na Babu alishikwa na tumbo. Sitaieleza. Tulifika hospitali jioni, tukiwa tunanuka. Muuguzi wa wodi ya macho, mwanamama mwenye miwani iliyofungwa kamba, alitusajili na kunipa sharti moja.

"Kuanzia saa sita usiku asile kitu. Hata punje. Akiwa na chakula tumboni halafu alazwe usingizi wa dawa, kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana."

Nililichukua sharti lile kama ninavyochukua mzigo wa kampuni. Nilimwambia mwenye nyumba ya wageni tuliyolala asitugongee mlango na chai. Nilimwambia mume wangu kwenye simu. Nilitoa pakiti zote za biskuti kwenye begi kubwa nikazikabidhi mapokezi. Karani sikumwambia. Alikuwa ameshalala, na asubuhi tulikuwa na haraka.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwenye benchi la wodi. Babu alivalishwa gauni la kijani lililomfika kwenye vidole vya miguu. Mimi nikaitwa dirisha la kumbukumbu kugongewa muhuri faili. Foleni ilikuwa ya watu tisa.

"Kaa naye," nilimwambia Karani. "Nakuja sasa hivi."

Niliporudi, Babu alikuwa ametulia tuli kwenye mapaja ya dada yake. Nilifurahi. Muuguzi alikuja na karatasi yake.

"Amekula chochote?"

"Hajala."

"Nimempa mbili," alisema Karani. Alisema kwa sauti ya mtu anayekabidhi zamu. "Moja alimaliza, akaendelea kulia. Nikampa ya pili, hakulia tena."

Muuguzi alinitazama. Mimi nilitazama mfuko wa sweta. Katika kazi yangu hakuna anayehesabu vilivyo kwenye rafu tu. Unahesabu na vilivyotoka, na nani anavyo. Miaka kumi na moja sijawahi kukosea hilo.

"Saa ngapi?" muuguzi akauliza.

"Sasa hivi," Karani akasema. Bado alikuwa anangoja nimsifu.

Ningeweza kusema mtoto anatania. Nililifikiria hilo, nakiri. Nilifikiria pia mapafu. Nikamwacha muuguzi aandike.

Daktari wa usingizi alikuja mwenyewe, kijana mpole. "Lazima zipite saa sita kamili tangu ale, mama. Hapo itakuwa saa saba mchana."

"Basi mwekeni wa mwisho. Tutangoja."

"Wa mwisho anaingia saa nne. Saa sita timu inaondoka, gari limeshapangwa."

"Kijana wangu, nimesafiri siku mbili."

"Najua, mama."

"Waulize."

Alikwenda kuwauliza, namshukuru kwa hilo. Alirudi akitikisa kichwa tangu mlangoni. Nafasi ya Babu alipewa mtoto mwingine, ambaye mama yake alipita mbele yetu bila kututazama, na mimi pia nisingetazama.

"Mwakani muandikishe mapema," muuguzi alisema.

"Mwakani macho yake yatakuwa na faida gani?"

Alirekebisha kamba ya miwani. "Muandikishe tu, mama."

Niliandikisha.

Karani alikuwa amesimama ukutani. Alikuwa ameshaelewa, mtoto yule haelezwi kitu mara mbili.

"Kosa ni langu," nilimwambia. "Nilikuagiza, ukafanya. Sikukwambia kwamba leo hapana."

"Lakini mkono ni wangu."

"Agizo ni langu."

"Ataona lini?"

"Sijui. Huenda asione."

Mama mwingine angetafuta neno jingine. Mimi sikulipata. Karani alimvua Babu lile gauni, akalikunja pande nne, akampelekea muuguzi kwa mikono miwili. Kisha alirudi akasimama mbali kidogo na sisi.

"Mama, usinipe tena kazi ya Babu."

"Sawa," nilisema.

Basi la kurudi lilikuwa linaondoka saa nane. Nilitundika begi dogo shingoni, kubwa nikalishika mkono wa kulia, Babu nikambeba kushoto. Alianza kulia kabla hatujafika getini. Karani alitembea mbele yetu, hakugeuka.