Makochi ya Kumngojea Daktari

Fundi alikuwa amebana misumari midogo midomoni, akivuta kitambaa juu ya mkono wa kochi, simu ilipolia na wagonjwa wakaanza kuingia. Hawakubisha hodi, kwa kuwa hawakupitia mlangoni. Alitangulia mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa wa kifua, akafuata mjane wa presha, kisha mzee mmoja aliyekuja na viatu mkononi. Kila aliyesimama karibu na fundi kwenye foleni ya simu alikaa sebuleni humo mpaka aitwe. Zahanati ilipofunga milango na kuhamia kwenye simu, benchi liliuzwa, na waliokuwa wakilikalia iliwabidi wakae mahali.

"Karibuni," fundi alisema, misumari ingali mdomoni. "La kijani msilikalie, gundi haijakauka."

Mkewe alikuwa dirishani, mguu juu ya stuli. Kidonda kilianzia kidoleni. Sasa weusi ulikuwa ukipanda kutafuta kifundo. Kisukari hakina haraka, mama huyo alizoea kusema, lakini njia hakisahau. Hospitali kubwa haikumpokea mtu ambaye daktari wa simuni hakumwandikia barua ya rufaa.

Binti yao ndiye aliyewawekea huduma hiyo na kuwafundisha: gusa hapa, subiri, daktari akitokea sema. Fundi alishika somo, hakukosea hata kitufe. Ila juzi zamu yake ilipofika, simu alimpa mzee wa viatu, aliyekuwa amesahau njia ya kwake. Jana alimpa mjane, maana alikuwa akihema kama mvukuto. Benchi la zahanati lilikuwa na sheria yake: aliyezidiwa hutangulia. Daktari aliwahudumia vizuri, akawaambia warudi tena leo; simu ikamshukuru fundi, ikamrudisha mkiani mwa foleni.

Mchana binti aliingia na bandeji. Aliwaamkia wageni mmoja mmoja, kama alivyolelewa, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, jana mlisema na daktari?"

"Alisema naye mama huyu wa presha."

"Baba! Foleni ya simu si benchi. Humu hapishwi mtu."

"Mtu anatweta mbele yangu, mwanangu, mimi nieleze habari za kidole?"

"Kidole kiko wapi? Huo ni mguu sasa. Utazame."

Sebule nzima ikautazama.

"Mnaukodolea kama wa sokoni," mama alisema. "Kama hamnunui, nifunikieni."

Mjane alicheka hadi akakohoa. Binti hakucheka. Alichukua simu, akapiga magoti kando ya stuli, akaapa kwamba leo haitoki mkononi mwake. Fundi alirudi kwenye kochi, akagonga msumari mmoja, akausikiliza, akagonga mwingine.

Jua lilikuwa limeanza kulegea simu ilipoita. Daktari akatokea kwenye kioo, kijana mpole, nyuma yake ukuta mweupe.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

Wakati huohuo mwalimu aliteleza kutoka kitini. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na mkono wake ulishika hewa kama anayetafuta chaki. Zamu yake ilikuwa bado mbali.

Fundi alimtazama mkewe, mkewe akatazama nje. Binti alibaki ameielekeza simu kwenye kidonda. Kisha alifumba macho, akageuka, akaishusha hadi usoni pa mwalimu.

"Anza na huyu, daktari," alisema.

Daktari alimwelekeza namna ya kumkalisha, akaita gari la wagonjwa. Likaenda nyumbani kwa mwalimu, naye akatoweka kitini kwenda kulipokea. Simu ikashukuru, ikawarudisha mkiani.

Binti aliosha mguu wa mama yake bila kuinua kichwa. Fundi alitaka kumwambia amefanya vema, akaona neno hilo limekuwa zito. Laiti wangemlea mkavu wa moyo kidogo, aliwaza, na papo hapo akajuta kuwaza hivyo, asijue lipi kati ya hayo mawili ndilo la kujutia.

Wageni walitoweka mmoja mmoja, huduma ilipofungwa. Mwalimu alikuwa ameacha bonde dogo kwenye sponji. Fundi alilipapasa, akairudisha misumari kwenye kisahani. Mkono mmoja wa kochi ulikuwa umevaa kitambaa, mwingine ulikuwa mbao tupu.

"Na huo?" mkewe aliuliza.

"Kesho. Watakuja wengi, viti havitatosha."

"Haya, kesho," alisema. Akaokota kipande cha kitambaa kilichobaki, akaufunika mguu hadi juu ya kifundo.