Gari la Mwalimu Lina Rimoti Mbili

Haya yote ni kweli tupu, na aliyeyaandika ameyaapia mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa macho. Atakayemkamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya mtama, ataoshewa gari Jumamosi nne mfululizo, ndani na nje, mazulia yakiwemo. Asiye na gari ataoshewa baiskeli. Asiye na baiskeli asome tu, asitafute makosa.

Jumanne moja, saa kumi na dakika hamsini za jioni, mshonaji aliacha cherehani yake, akajipangusa vipande vya uzi kwenye gauni, akachukua mkoba na kutoka uani. Gari lilikuwa limeegeshwa pua ikitazama lango. Alisimama kando ya mlango wa abiria, akasubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke. Saa kumi na moja kamili taa zilipepesa mara mbili, kufuli ya mlango ule ikasema tak, naye akaingia, akaketi, akaupakata mkoba. Dakika kumi baadaye alishuka, mlango ukajifunga nyuma yake, akaenda kuwasha jiko.

Ilikuwa hivyo kwa miezi saba, tangu amzike mumewe. Mume alikuwa mwalimu wa udereva, na mji mzima ulimwita Mwalimu, mkewe akiwemo. Walimzika na koti lake la kazi kwa kuwa alilipenda, na katika pilikapilika za siku ile hakuna aliyekumbuka kupekua mfuko wa ndani. Rimoti ya gari ilikuwa humo. Ufunguo wa kuwashia ulibaki nyumbani, umening'inia kwenye msumari wake, lakini haukuwa na faida: tundu la ufunguo mlangoni lilikuwa limeharibika siku nyingi, na aliyejaribu kuwasha gari bila ruhusa ya rimoti alipata king'ora tu. Kwa hiyo Mwalimu aliendelea kulifungua mwenyewe kutoka kaburini, mara moja kwa siku, saa ileile aliyozoea kurudi kazini. Alifungua mlango wa abiria peke yake. Majirani walirekebishia saa zao hapo.

Mshonaji hakuwa na neno. Dakika kumi za kukaa na mtu wako si haba, hata kama kiti cha pili ni kitupu.

Ila kulikuwa na jambo. Mwalimu alifundisha nusu ya mji ule. Alimfundisha muuza nyama, alimfundisha mkunga, aliwafundisha mapacha waliokuwa wakinyang'anyana usukani gari likienda. Wote aliwakalia kiti cha pembeni, mguu juu ya ile breki ya pili wanayowekewa walimu, akisema, "Taratibu. Gari halina haraka, mwenye haraka ni wewe." Mtu mmoja tu hakumfundisha. Mkewe alipomwomba, mwaka wa kwanza wa ndoa, alimjibu, "Nikiwepo mimi, wewe uendeshe uende wapi?" Alilisema kwa mapenzi, na ndiyo maana lilikuwa gumu kulijibu. Miaka thelathini na moja alimfungulia mlango, akamfungia, akampeleka alikotaka na kumrudisha. Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu hata wa nyumbani kwake hakumganga.

Mwezi wa tatu wa ujane, mshonaji alikwenda ng'ambo ya mji kwa mwanafunzi mmoja wa zamani wa mumewe, ambaye sasa naye alikuwa mwalimu. Alijifunza asubuhi, akashona usiku. Leseni aliipata kwa jaribio la pili, akaificha kwenye kopo la vifungo vya mashati, chini kabisa, pamoja na vile vyeusi ambavyo havitafutwi mara kwa mara.

Sasa sare mia mbili za shule zilikuwa zimeiva, na zilitakiwa zifike Jumatatu kabla ya kengele. Muhula uliopita alizipeleka kwa mkokoteni, mvua ikazikuta njiani. Mwalimu mkuu alizipokea zikichuruzika maji, akasema kwa upole kwamba mara nyingine kama ile kazi itakwenda kwa mwingine. Shule ile ndiyo iliyokuwa ikilisha cherehani, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye.

Aliongea na binti yake aliye mbali, na binti akamtumia rimoti mpya kwa kifurushi, pamoja na karatasi ya maelekezo. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Mshonaji akampelekea jirani, karani mstaafu wa posta, mtu mwenye miwani mizuri na muda mwingi. Huyo ndiye aliyeandika haya, lakini tusimtangulie.

Karani alisoma kwa sauti ya ofisini. Kaa ndani ya gari, funga milango yote. Ingiza ufunguo, ugeuze na kuurudisha mara tano kabla sekunde kumi hazijaisha, bila kuwasha injini. Kufuli zikijibu, bonyeza rimoti mpya. Kisha akafika chini, akapunguza sauti: rimoti zote za zamani ziwemo ndani ya gari na zibonyezwe wakati huohuo, kwani isiyokuwemo itasahauliwa na gari.

"Itasahauliwa," mshonaji alisema.

"Ndivyo walivyoandika, shemeji."

Mshonaji aliigeuza ile rimoti mpya kiganjani. Ilikuwa nyepesi, na vifungo vyake havijawahi kuguswa. Akiibonyeza peke yake, sare zitafika. Na saa kumi na moja ya siku hiyo taa hazitapepesa, wala ya siku nyingine yoyote.

"Basi itabidi aje nayo," akasema.

Karani alivua miwani, akakubali kwamba utaratibu ni utaratibu.

Kesho yake mshonaji alikwenda makaburini na ile karatasi. Alimsomea Mwalimu mara mbili, na onyo la chini mara tatu, kwa sababu enzi za uhai wake alikuwa mtu wa kutupa maelekezo pamoja na boksi. Akamwambia Ijumaa, saa kumi na moja, na asisahau rimoti kama alivyokuwa akisahau mwavuli. Halafu akang'oa magugu mawili matatu, akarudi kushona vifungo.

Ijumaa Mwalimu alifika kwa wakati. Alikuwa amekonda kidogo, na koti lilikuwa na udongo mabegani. Mkewe alimpangusa kwa kiganja, akaona kishikizo kimoja kimelegea, akakikaza papo hapo kwa sindano aliyokuwa ameichomeka kifuani. Mwalimu alimsalimu karani, akamuuliza hali ya goti. Karani akasema linasumbua siku za baridi. Mwalimu akasema hata yeye. Kisha akafungua mlango wa dereva, akaketi nyuma ya usukani.

Mshonaji alisimama na ufunguo mkononi.

"Mwalimu," akasema, "sogea."

Mwalimu akatabasamu, akasogea kiti cha pembeni, kiti alichofanyia kazi maisha yake yote, akaweka mguu juu ya breki ya pili. Mshonaji akaketi penye usukani, akafunga mlango, akageuza ufunguo mara tano. Kufuli zikasema tak. Akabonyeza rimoti yake, tak. Mwalimu akabonyeza ya kwake, tak. Ndipo mshonaji akawasha injini, wakatoka langoni na kuuzunguka mtaa mzima, Mwalimu akisema, "Taratibu, gari halina haraka," na muuza nyama akawapungia kisu.

Hapo ndipo hadithi ilipoishia kwenye daftari la karani, na ilikuwa imeishia pazuri. Juma lililofuata alimpelekea mshonaji asome, akakaa akingoja sifa. Mshonaji alisoma mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Umeandika vizuri, shemeji. Lakini hapa umedanganya. Hakusogea."

Karani alikohoa, akasema mambo ya sanaa, kwamba hadithi nayo inahitaji kupumzika mahali.

"Ulikuwepo. Ulimwona."

"Nilitaka asogee."

"Hata mimi," mshonaji alisema.

Basi ukweli ni huu. Mwalimu aliposikia neno "sogea" alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa na mtoto, akauchukua ufunguo taratibu kutoka mkononi mwa mkewe. Mshonaji akazunguka, akaingia upande wa abiria. Mwalimu aligeuza mara tano, akabonyeza rimoti yake, akamruhusu naye abonyeze ya kwake. Kisha akamuuliza, bila hasira yoyote, sasa yeye rimoti ya nini.

"Kuna sare za kupeleka Jumatatu."

"Nitakupeleka," Mwalimu alisema.

Hakuweza, na wote wawili walilijua hilo. Alikaa mikono yote miwili juu ya usukani mpaka giza likaanza kuingia, mkewe akimshika mkono wa koti, halafu akarudi alikotoka. Hakuja tena mwenyewe.

Jumatatu sare zilifika kavu, dakika ishirini kabla ya kengele. Kila asubuhi mshonaji hufungua gari kwa rimoti yake, huvuta kiti cha dereva mbele mpaka miguu ifike, na kwenda anakokwenda. Kabla ya saa kumi na moja huwa amelirudisha uani, pua ikitazama lango, naye amesimama kando ya mlango wa abiria na mkoba wake. Hajamwambia Mwalimu. Mwalimu hajauliza.

Karani yuko Jumamosi ya tatu kati ya zile nne alizoahidi. Mazulia ameyaanika juu ya ukuta, goti linamsumbua, na maji ya ndoo yamegeuka rangi ya chai. Saa kumi na moja kamili, taa zikapepesa mara mbili. Mlango wa abiria ukasema tak, mshonaji akaingia. Halafu, ndani ya gari, kile kiti cha dereva kikateleza chenyewe kwenye reli zake, krrr, kikarudi nyuma mpaka mwisho, pale kinapomtosha mwanamume mrefu.

Karani akasogeza ndoo yake pembeni, akasubiri ziishe dakika kumi, ndipo amalizie vioo.