Fungu la Kumi la Karanga

"Mwalimu, hela yangu inaliwa," Evelina alisema, "na sijui inaliwa na nani."

Ilikuwa Ijumaa baada ya vipindi, saa ya klabu ya biashara, na alikuwa amesimama mbele ya wenzake mikono nyuma kama anayejibu swali la mtihani. Evelina yuko kidato cha pili katika shule moja ya hapa Buswelu. Wakati wa mapumziko anauza karanga za kukaanga, amezifunga kwenye pembe za karatasi za daftari kuukuu, shilingi mia mbili kila pembe. Mtaji wake ulikuwa debe moja la karanga alilopewa na bibi yake wa Magu shule ilipofunguliwa mwezi wa saba. Ila hakupewa ziwe zake. Zile zilikuwa mbegu. Bibi Sabina alimwambia azizungushe, faida iwe yake, lakini mvua za kwanza zikianza debe lirudi limejaa, kwa sababu shamba halingojei mtu.

Sasa mwezi wa nane ulikuwa unakwisha, na hela aliyobaki nayo Evelina ingenunua robo tatu tu ya debe.

"Unazila mwenyewe," Shimba akasema kutoka dawati la nyuma.

"Sili hata punje. Mungu ananiona."

"Basi ni chuma ulete."

Darasa likalipuka. Aliyekulia sokoni hahitaji kuelezwa: wanasema kuna watu wanaokulipa noti, na noti ile ikishaingia kwenye hela zako inaondoka na wenzake kumrudia aliyeituma. Kila mmoja alikuwa na shangazi aliyewahi kuibiwa hivyo. Mmoja akashauri kinga ya ndimu, mwingine chumvi ya mawe.

"Mimi namjua ni nani," Shimba akaendelea. "Mzee Antoni wa getini. Kila siku ananunua karanga, na kila siku noti ya elfu mpya. Mlinzi anatoa wapi noti mpya?"

"Analipwa mshahara, Shimba," nikamwambia.

"Mwalimu, kwa mshahara wa pale getini, noti ingekuwa imeshachakaa njiani."

Walicheka, na mimi nikacheka. Evelina peke yake hakucheka.

"Mimi hayo mambo siyaamini," alisema. "Nafunga kila Jumatano, naiombea biashara yangu. Lakini..." Akatazama sakafu. "Juzi Mzee Antoni alikuja nikamwambia zimeisha. Na hazikuwa zimeisha."

Niseme kwamba mimi si mwalimu wa kusomea. Mchana nauza vitenge katika duka la Vipul mjini, na jioni nasoma masomo ya utunzaji wa hesabu pamoja na watu wengine wazima. Mwalimu Maige, anayewafundisha hawa watoto somo la biashara, alikuja dukani kumnunulia mkewe kitenge, akakuta nimefungua kitabu changu juu ya kaunta. Akanishawishi niwe nakuja Ijumaa, siku ambayo sina darasa, kuwaeleza wanafunzi wake mambo ya kuuza na kununua. Mara nyingi nilikuwa mbele yao somo moja tu. Nililojifunza Jumanne ndilo nililowafundisha Ijumaa.

Na Jumanne hiyo tulikuwa tumejifunza tofauti ya mauzo na faida. Nikampa Evelina chaki.

"Twende wiki ya kwanza, debe likiwa zima. Uliuza shilingi ngapi?"

Akaandika elfu arobaini.

"Debe lingine sokoni ni bei gani?"

Elfu thelathini na nne. Mkaa na chumvi, elfu tatu. Akatoa, akapata elfu tatu. Shimba alisimama kabisa kuutazama ubao.

"Mbona faida ipo!"

"Ipo," nikasema. "Evelina, hizo elfu tatu zinakwenda wapi?"

"Natoa fungu la kumi."

"Shilingi ngapi?"

"Elfu nne," alijibu akiiandika, kwa sauti safi, kama mtu anayetaja jina lake. "Sehemu ya kumi ya elfu arobaini. Kila Jumapili naanza na hilo kabla sijanunua kitu chochote."

Shimba akakaa chini. Elfu tatu iliyoingia na elfu nne iliyotoka zilikuwa pale ubaoni, na mtoto aliyeziandika alikuwa hazioni.

Mimi niliziona. Niliwaambia tutaendelea Ijumaa ijayo, nikafuta ubao, nikatoka upesi. Mimi natoa fungu la kumi. Mama yangu alitoa, hata mwaka ambao pamba haikununuliwa na alikuwa na kuku tu wa kutoa. Mimi nilikuwa nani hata nisimame mbele ya binti wa miaka kumi na mitano na kumwambia ampunguzie Mungu? Kama ningeyasema vibaya, angeelewa moja kati ya mambo mawili: kwamba hesabu ni adui wa imani, au kwamba imani ndiyo iliyokula mbegu za bibi yake. Yote mawili ni uongo, na kila mmoja ungeweza kukaa naye maisha yake yote.

Wiki ile niliomba kuliko kawaida. Sikuomba jibu la hesabu, maana lile nilikuwa nalo. Niliomba maneno.

Yalikuja nikiwa dukani, nakunja vitenge. Ilikuwa siku nzuri ya biashara, wanawake wa Usagara walikuwa wamekuja kununua sare za harusi, na jioni nilimkabidhi Vipul shilingi laki saba. Alizihesabu, akazifunga na mpira, akasema, "Leo Mungu katupa, Mama Machibya." Nikasema amina. Na hapo hapo nikajikuta nacheka peke yangu, mpaka Vipul akaniuliza kulikoni.

Ijumaa nilimwita Evelina kabla wenzake hawajafika. Tulikaa nje kwenye ngazi za darasa.

"Mimi nauza vitenge vya laki saba siku nyingine," nikamwambia. "Jumapili nitoe sabini elfu?"

Alinitazama kama niliyepoteza akili. "Hapana, Mwalimu. Hela si ya Vipul?"

"Ni ya Vipul. Sasa mimi natoa kwenye nini?"

"Kwenye mshahara wako."

"Vizuri. Ile elfu arobaini yako ilikuwa ya nani?"

"Yan..." Akakatiza. Chini ya ngazi kulikuwa na mchanga, akaanza kuandika kwa kidole, akafuta, akaandika tena. Sikumsaidia. Nilikuwa naomba moyoni nisimsaidie.

"Thelathini na nne ilikuwa ya bibi," alisema hatimaye. "Tatu ilikuwa ya mkaa na chumvi. Yangu ilikuwa tatu tu." Kidole kikasimama. "Mwalimu, kumbe nilikuwa namtolea Mungu mbegu za bibi."

Kisha akaficha uso kwenye magoti akalia. Nilimwekea mkono mgongoni.

"Si dhambi kukosea hesabu," nikamwambia. "Mungu alikuwa anauona moyo wako kila Jumapili."

"Na bibi naye atauona moyo wangu? Bibi anataka debe!"

Nilitamani kucheka, lakini lilikuwa neno la kweli.

Evelina hakutaka kubadilisha chochote bila kumwona mchungaji wake, na hapo nilimheshimu. Tulikwenda pamoja Jumamosi. Mchungaji Yeremia alikuwa nyuma ya kanisa amekunja suruali, anamwagilia miche ya nyanya. Tukamsalimu shikamoo, akaitikia, akatuletea viti. Evelina alieleza yote mwenyewe, hesabu na machozi. Mchungaji aliweka kopo chini. Niliona uso wake ukibadilika, maana mwezi uliopita tu alikuwa amemtaja binti huyu mimbarani: watu wazima, oneni aibu, mnashindwa na mtoto wa shule anayeuza karanga.

"Mimi nilidhani unauza sana," alisema. "Nilifurahi, sikuuliza."

"Sasa nikianza kutoa mia tatu, watu watasema nimerudi nyuma."

"Watu wataona wapi kilichomo kwenye bahasha yako?"

"Mhasibu ataona."

"Mhasibu ana mpunga kule Magu kama mimi. Akivuna analeta sehemu ya mavuno. Sijawahi kumwona analeta kanisani gunia la mbegu. Angelileta ningemrudisha nalo, na mke wake angenishukuru." Akamtazama Evelina kwa upole. "Ila hizo ulizotoa, binti yangu, zilitolewa bila bibi kujua. Unataka nizungumze na wazee wa kanisa wakurudishie?"

Evelina alitikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana, Baba Mchungaji. Sadaka haidaiwi. Mimi ndiye nitalijaza debe."

"Utalijaza kwa kitu gani?"

"Kwa faida."

Lilikuwa neno dogo, lakini nililisikia kama wimbo. Mchungaji akatuombea, akaiombea na biashara, akataja kwa majina karanga, mkaa na chumvi.

Kuanzia hapo klabu nzima ilifanya kazi ya debe. Mvua za Magu huweza kuanza wakati wowote mwezi wa kumi ukishaingia, na kila wingu lililotokea upande wa ziwa Evelina alilitazama kwa mashaka. Waligundua kwamba alikuwa anawasha jiko kila asubuhi kukaanga kidogo kidogo, na mkaa mwingi uliungua bure; sasa akawa anakaanga zote Jumapili jioni na Jumatano, anazihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Shimba aligundua kwamba pembe zake zilikuwa zinafurika. "Wewe unauza au unagawa?" alimwambia, akamkatia karatasi ndogo kidogo. Kwenye faida Evelina alitoa fungu lake la kumi, mara mia tatu, mara mia mbili na hamsini, na zilizobaki zote zilirudi kwenye karanga.

Lilibaki jambo la Mzee Antoni. Huyu hakuwa amenunua tena tangu siku ile aliyoambiwa zimeisha. Alikuwa ameziona pembe zilizobaki.

Evelina alimfuata getini na pembe mbili, Shimba nyuma yake, huyo nikiwa nimemlazimisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo zipo?"

"Zipo. Na siku ile zilikuwepo. Nilikudanganya, naomba unisamehe. Tulidhani..." Akashindwa.

"Tulidhani una chuma ulete," Shimba akamalizia. "Kwa sababu ya noti mpya."

Mzee Antoni aliwatazama wote wawili. Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Noti mpya! Mwanangu Alexander ananitumia hela kwa simu. Wakala hapo ng'ambo ya barabara anapenda kunipa mpya, nami nazipiga pasi nikazitunza kwenye Biblia. Ningekuwa na chuma ulete, ningekaa kwenye hili jua?" Akapokea pembe. "Bei gani?"

"Hizi ni bure, mzee."

"Usinipe bure, unadaiwa na bibi."

Habari za debe, kumbe, zilikuwa zimefika mpaka getini. Alilipa, noti mpya ya elfu moja, na Shimba mwenyewe akaipokea akarudisha chenji.

Mvua ilianza Magu Jumatano moja ya mwezi wa kumi. Jumamosi asubuhi Bibi Sabina alishuka Buswelu na kikapu, kanga mbili na njaa ya safari. Evelina aliniomba niwepo. Debe lilikuwa katikati ya sebule ya kwao, karanga mbichi alizochagua moja moja, hakuna iliyopasuka. Lakini halikuwa limejaa. Lilipungua kama viganja viwili kufika mdomoni, na Evelina alikuwa amekesha kwa wasiwasi kwa ajili ya hivyo viganja viwili.

Alimweleza bibi kila kitu akiwa amepiga magoti. Bibi Sabina alisikiliza huku akichovya mkono kwenye debe na kuziachia karanga zipite katikati ya vidole.

"Kwa hiyo kuna mbegu zangu zimekwenda kanisani," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Kwenye bahasha uliandika jina la nani?"

"Langu."

"Haya. Mungu anajua zilikuwa za nani. Ameshaniandikia mimi." Akanigeukia. "Ndiyo au siyo, Mwalimu?"

"Kabisa, mama," nikasema, na sikuweza kuzuia machozi yangu wala kicheko changu.

"Basi hivyo viganja viwili hunidai wala sikudai. Simama, magoti yatakuuma."

Evelina alisimama. Alikuwa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Bibi akafungua kikapu, akatoa kitambaa, akaanza kuchota karanga kutoka kwenye debe lile lile, kiganja baada ya kiganja, mpaka kitambaa kikawa na kama kipimo cha sado moja. Akakifunga fundo, akampa mjukuu wake.

"Na hizi?"

"Endelea nazo. Shamba la mwaka huu nimelipunguza, mgongo hautaki."

Miezi michache nyuma Evelina angelia kwa furaha na kushukuru. Sasa alikishika kile kitambaa bila kukifungua, akakunja uso kidogo.

"Bibi, samahani. Hizi ni zawadi au ni mkopo?"

"Mkopo," bibi akajibu papo hapo. "Nikikupa zawadi utaipeleka yote kanisani."

Tulicheka wote watatu mpaka jirani akachungulia. Kisha Bibi Sabina akasema tuombe kabla ya chai, akaomba yeye mwenyewe, Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma, akishukuru kwa mvua. Evelina alisema amina, akaweka fundo lake juu ya kabati, akaenda kuwasha jiko.